Mboga za Kaka Nilizokula Mimi

Machi 5, Jumanne

Leo nimenunua madaftari mawili. Moja la nesi, moja langu. Mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye matope, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitaandika humu kwanza, nikiona inasomeka ndiyo naandika safi kwenye la nesi.

Kisa chenyewe ni kaka. Kiu haimwishi, chooni haishi kwenda, na miguu imeanza kufa ganzi. Leo amepimwa sukari kliniki, imesoma 17, zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Nesi amempa vidonge, akasema vidonge peke yake ni kazi bure kama chakula hakibadiliki. Chakula cha mchana na cha jioni shemeji atakirekebisha. Shida ni hapa katikati. Saa nne kaka anakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na keki mbili. Saa tisa soda na viazi vya kukaanga. Akifunga karakana yetu ya useremala, biskuti za njiani. Nesi akasema, hizo saa zote za kutafunatafuna, atafune mboga. Na mtu aandike kila anachokula, ukweli mtupu.

Shemeji anafua mashuka hotelini, anatoka alfajiri. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unashinda naye, shem. Andika wewe."

Nikasema sawa. Mimi siyo mtu wa maneno. Kaka ndiye aliyenipa jina la Kimya nikiwa mdogo, mpaka wateja wananiita hivyo. Yeye ndiye amenilea tangu nina miaka tisa, mama alipofariki. Msasa amenifundisha yeye, vanishi amenifundisha yeye. Nikasema sawa.

Machi 6

Shemeji ameamka saa kumi na moja. Ameosha karoti tatu na tango, amekata vipande, ameviweka kwenye kopo jeupe. Kopo kanipa mimi, kaka hajapewa.

Saa nne nikalifungua juu ya benchi.

"Hiki nini?" kaka akauliza.

"Karoti. Na tango."

"Macho ninayo. Nauliza mbona ziko mbichi. Mimi sungura?"

Gundi akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Gundi ndiye anaunga fremu, na hilo jina siyo la kazi. Ni kwa sababu panapoliwa yeye ananata. Akasema, "Fundi, sungura wana akili. Umewahi kumkuta sungura kwenye foleni ya kliniki?"

"Funga mdomo, na hiyo kona yako siyo mraba."

Kaka akatafuna kipande kimoja cha karoti, uso umekunjamana kama anakunywa dawa ya minyoo, akakitema kwenye maranda. Akapiga mluzi dirishani, mama wa chai akaja na keki zake. Halafu akanisogezea kopo. "Kula wewe. Kopo lirudi tupu, shemeji yako asije akasononeka bure. Na uandike nimekula."

Nikala. Karoti mbichi ni tamu, sikujua.

Kwenye la nesi nimeandika: Karoti tatu, tango moja, amekula.

Machi 7

Karoti, tango. Nimekula mimi.

Machi 8

Kabichi iliyokatwa nyembamba, imekamuliwa ndimu. Gundi kaomba kidogo. Nyingine nimekula mimi.

Machi 11, Jumatatu

Shemeji analifungua kopo kila jioni kabla hata hajavua viatu. Akilikuta tupu anacheka peke yake. Leo amesema, "Nilidhani atanisumbua huyu, kumbe mtu mzuri tu." Kaka alikuwa anaosha uso pale pale. Akasema, "Si unanipikia vizuri." Hakuna hata anachokipika, ni mboga mbichi.

Jumapili amezunguka soko zima. Amerudi na hoho za rangi tatu, nyanya ndogo zile za kumeza moja moja, maharage mabichi, kipande cha boga. Mwenzake wa kufua mashuka amemwambia boga ukilikata vidole ukalioka na mafuta kidogo linakuwa tamu bila sukari. Anayakata usiku wa kuamkia, anayafunika na kitambaa kibichi yasinyauke. Asubuhi anaweka kwenye kopo, na pembeni kikopo kidogo cha siagi ya karanga ya kuchovya. Anapanga kwa rangi. Nyekundu huku, kijani huku.

Nilipoona alivyopanga nilishikwa na aibu ya ajabu. Nikamwambia kaka karakana, angalau aonje boga. Akasema, "Boga kesho." Nikala boga.

Machi 14

Boga kesho.

Machi 15, Ijumaa

Mvua imeanza leo, na kelele. Bati la karakana linavuja juu ya mbao za mteja, tumezihamisha mara mbili. Kaka amepata oda ya milango kumi na miwili ya bweni la wanafunzi. Inatakiwa mwisho wa mwezi wa nne. Amefurahi, amemnunulia kila mtu soda. Nimeandika kwenye la nesi: hoho, nyanya ndogo, amekula. Soda sijaandika.

Machi 19

Shemeji ameniuliza napaka nini usoni. Anasema nimenawiri. Tumbo langu lililokuwa linauma tangu utotoni limetulia, choo napata kama saa. Gundi naye amegundua, anasema, "Kimya anakula dawa ya mwenzake, anapona ugonjwa asiokuwa nao."

Kaka akacheka. Mimi sikucheka. Niliangalia shingo ya kaka. Amepungua. Kola ya shati imekuwa kubwa, na siyo kupungua kwa mtu anayepona.

Machi 22

Mvua. Maji mpaka mlangoni. Kaka amenunua mabuti ya mpira, amepata saizi ndogo kidogo, anasema hayambani, hasikii chochote.

Machi 26, Jumanne

Leo ilikuwa kliniki. Shemeji hakupata ruhusa, hotelini wana wageni wengi, akasema niende mimi na kaka. Alinipa daftari la nesi mkononi kama anavyokabidhiwa mtu mtoto.

Kaka alitangulia mpaka getini. Akasimama, akajifanya anafunga kamba ya kofia ya mvua. Akasema, "Kimya. Leo wanaweza kunianzishia sindano. Kuna jamaa pale kwa wachomeleaji, alianza sindano, sasa anajidunga kila siku tumboni. Kila siku. Mimi sindano siwezi, unajua."

Najua. Mama alidungwa sana mwisho wake. Kaka ndiye alikuwa anamshika mikono, mimi nilikuwa nje.

Tukaingia. Nesi ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Akampima. Imesoma 16. Akaitazama ile mashine, akatazama daftari, akafungua ukurasa mmoja mmoja na kulamba kidole. Karoti, amekula. Boga, amekula. Maharage, amekula. Mwandiko wangu. Nilijitahidi sana kwenye hilo daftari, siku nyingine nilirudia mstari mara tatu.

Akasema, "Sielewi. Mtu anakula hivi halafu sukari haishuki?"

Kaka akasema, "Labda mwili wangu mzito kuelewa."

Nesi hakucheka. Akavua miwani. Akanigeukia mimi, siyo kaka. "Wewe kijana ndiye unaandika?"

"Ndiyo."

"Unashinda naye kazini?"

"Ndiyo."

"Nisikilize vizuri. Kama anakula hivi kweli, nitampa wiki tatu zaidi, kwa sababu chakula nacho kinahitaji muda wake. Kama hali, namwanzishia sindano leo hii, hatoki hapa bila sindano, kwa sababu sukari hii inaenda kwenye miguu. Umenielewa? Sikuulizi kwa ubaya. Anakula, hali?"

Kaka alikuwa anatazama ukutani. Kuna picha pale ya sahani iliyogawanywa, nusu mboga. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, na kidole gumba kinasugua goti, kinasugua. Hakunitazama. Angenitazama labda ningesema vingine, sijui. Nilisikia mvua kwenye bati. Nilisikia mtoto analia chumba cha pili.

Nikasema, "Anakula."

Nesi akavaa miwani. "Haya. Wiki tatu."

Nje kaka akanipiga begani, akaninunulia maziwa. Alikuwa na furaha kama mtu aliyetoka rumande. Akasema, "Sasa nitaanza kweli, Kimya. Naapa. Kuanzia kesho."



Machi 27

Maharage mabichi ya kuchemsha, ndimu. Hakuanza.

Machi 28

Hakuanza. Nilikuwa nimejipanga kumwambia shemeji jioni. Nimefika, shemeji akarudia lile la kliniki, "Wiki tatu zaidi? Basi anaendelea vizuri! Nesi angeona vibaya si angempa sindano?" Akaenda kuosha hoho huku anaimba. Nikakaa kwenye stuli mpaka chakula kikawa tayari.

Aprili 2, Jumanne

Jioni kaka alivua mabuti nikaona soksi ya kulia ina damu, kwenye kidole kidogo. Nikamwonyesha. Akashangaa kuliko mimi. Lengelenge limepasuka na limechubuka mpaka ndani, na yeye ametembea nalo kutwa bila kusikia. Amefunga kitambaa. "Kidonda cha buti tu. Usimwambie shemeji yako, ataanza."

Sikumwambia.

Aprili 4, Alhamisi

Leo nimeona kitu nilichokuwa nakitazama miaka yote bila kukiona.

Kaka hali karoti, lakini anakula penseli. Akipima mbao, penseli iko mdomoni. Akifikiri, anatafuna. Akikasirika na Gundi, anatafuna. Penseli zake zote zina meno mwisho. Gundi anasema kaka ameshakula mlango mzima toka azaliwe.

Nikafikiri: huyu hachagui. Anatafuna kilicho karibu na mkono. Keki zinamshinda kwa sababu mama wa chai anazileta dirishani, na kopo la shemeji liko kwenye begi, mpaka ulifungue, mpaka Gundi atoe maneno, mpaka mtu mzima ajione mgonjwa mbele ya watu.

Nikachukua karoti za kwenye kopo, nikazichonga nyembamba kwa kisu, urefu wa penseli. Nikaziweka kwenye mkebe wa penseli juu ya benchi. Penseli zenyewe nikazificha, nikabakiza moja sikioni kwake. Sikusema kitu. Kusema siyo kazi yangu.

Saa nne kasoro akapima ubao wa tatu, mkono ukaenda kwenye mkebe wenyewe tu. Akatafuna. Akaendelea kupima. Akachukua ya pili. Kwenye ya tatu akasimama, akaitazama, akanitazama mimi. Mimi napiga msasa, sina habari.

"Kimya."

"Naam, kaka."

"Wewe ni mshenzi sana."

Akaimaliza. Gundi akasema, "Fundi, ukimaliza hizo, kuna futi kamba nayo." Kaka akacheka mpaka akakohoa. Mama wa chai alipopita, kaka akachukua chai, keki akazisahau. Nimeona kwa macho yangu, amezisahau.

Leo kwenye la nesi nimeandika karoti tatu, amekula, na ndiyo mara ya kwanza mkono haukuwa mzito.

Aprili 5

Karoti kwenye mkebe, hoho kwenye kopo la misumari nililoliosha kwa maji ya moto. Amekula zote. Soda amekunywa nusu.

Aprili 8, Jumatatu

Sasa kila sehemu anapofikia mkono nimeweka kitu. Nyanya ndogo kwenye kibakuli karibu na jiriwa. Tango dirishani, pale anapopumzika kuvuta hewa. Boga la kuoka nampa akiwa na njaa kweli kweli, saa tisa, kabla ya viazi kufika, na siagi ya karanga ya kuchovya. Amesema, "Hili boga ndilo mlikuwa mnakula siku zote bila mimi?" Nikasema ndiyo. Akachovya kipande kingine.

Gundi naye ameacha viazi, kwa sababu tango la bure ni bora kuliko viazi vya kununua.

Ilikuwa kitu chepesi namna hii. Wiki nne nilikuwa nakula mimi, na ilikuwa inataka kisu na mkebe tu.

Aprili 10

Amekula. Lakini karakana ina harufu, nilidhani panya amefia nyuma ya mbao. Siyo panya.

Aprili 11, Alhamisi

Nimemwomba kaka anionyeshe mguu. Alikataa, halafu akakubali. Kidole kidogo kimekuwa cheusi pembeni, na wekundu umepanda juu mpaka kwenye kifundo. Hakina maumivu, ndicho kinachonitisha.

Nikamwambia, "Kaka, twende hospitali leo."

Kwangu hiyo ni hotuba.

Akasema, "Jumanne ni kliniki. Siku tano tu. Imebaki milango minne, Kimya, nikilala mimi nani anapiga randa? Wewe? Na sasa si nakula? Utaona wenyewe watashangaa, sukari imeshuka. Kwa shemeji yako, kimya. Unajua kazi yako."

Anasema hivyo kwa utani. Jina langu ndiyo limekuwa kazi yangu.

Aprili 12

Sikusema.

Aprili 13

Sikusema. Mvua kutwa.

Aprili 15, Jumatatu

Kaka ameanguka kwenye benchi saa tano asubuhi. Anatetemeka, mwili moto kama bati la mchana. Mimi na Gundi tumembeba kwenye mkokoteni wa mbao mpaka barabarani, Gundi anapiga kelele watu wapishe, hakuna utani hata mmoja. Hospitali wamempokea haraka. Walipofungua kitambaa, daktari alirudi hatua moja nyuma.

Aprili 16

Sukari wamesema imeshuka kidogo kwa zile siku za mwisho, lakini kidonda kilishakuwa na wiki zake mbili. Yule nesi wa kliniki amekuja wodini kwa sababu jina la kaka halikuitika kwenye foleni yake. Amesimama kando ya kitanda na lile daftari, alilichukua kwenye begi la shemeji. Akamwambia shemeji, mimi nikiwa nyuma ya pazia nimeshika ndoo:

"Huyu ningemwanzishia sindano Machi. Niliacha kwa sababu ya hili. Nilimwuliza na kijana."

Shemeji akasema, "Lakini anakula, nesi. Haki ya Mungu anakula. Mimi mwenyewe nakata kila siku."

Ameapa. Ameapia uongo wangu.

Aprili 18, Alhamisi

Wamemkata vidole vyote vya mguu wa kulia. Daktari anasema tuna bahati, ingeweza kuwa chini ya goti. Sijui kuandika zaidi.

Aprili 20

Kaka ameamka vizuri. Anatazama shuka pale linaposhuka ghafla. Aliniita nikainama. Akasema, "Yale ya karakana, yale ya mwanzo. Yaishe hapa. Shemeji yako ameshachoka, asiongezewe. Mimi na wewe tu. Sawa?"

Kila mara maishani nimesema sawa. Leo sikujibu, alidhani nimejibu.

Aprili 22, Jumatatu

Nimemwambia.

Tulikuwa kwenye benchi la nje ya wodi. Shemeji alikuwa na sare ya kazi bado, inanuka sabuni. Alikuwa anachambua, anatafuta kosa liko wapi. "Labda nilikosea mimi. Labda ile siagi ya karanga. Au boga lina sukari, shem, wewe unaonaje? Nimuulize nesi kuhusu boga?"

Nikasema, "Shemeji, siyo boga. Kaka hakulila."

"Siku gani?"

"Siku zote. Mpaka Aprili tarehe nne. Nilikuwa nakula mimi. Kopo nilikuwa namaliza mimi ili lirudi tupu. Daftari niliandika uongo. Nesi aliponiuliza nikasema anakula. Na kidonda nilikiona tarehe mbili."

Nimeandika hapa maneno yote kwa sababu ndiyo maneno mengi niliyowahi kumwambia mtu kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Nilitamani kofi.

Alinitazama muda mrefu, kama anatafuta mtu mwingine usoni kwangu. Halafu akasema polepole, "Nilikuwa naamka saa kumi na moja, shem."

Hayo tu. Akainuka akaenda kukaa benchi la mwisho.

Aprili 23

Kaka amejua kwamba nimesema. Ameugeuzia ukuta uso. Nimeweka chakula, nimeondoka.

Aprili 25

Mimi na Gundi tunamalizia milango. Randa yangu inakula upande mmoja. Gundi amesema kitu leo, bila kucheka: "Na mimi nilikuwa naona, Kimya. Na mimi nilikula kabichi ile." Tumefunga bawaba.

Aprili 29, Jumatatu

Kaka amerudi nyumbani tangu Ijumaa, na magongo. Haongei na mimi. Shemeji anaongea na mimi mambo ya maji, mkaa na ufunguo.

Kwenye kopo anapanga bado kila asubuhi, karoti huku, hoho huku. Analiweka kitandani kwa kaka, anavuta stuli anakaa mpaka atafune cha mwisho, ndiyo anaondoka. Leo amechelewa kazini. Kaka anakula bila neno. Zamani nilidhani kula mboga ni jambo la mdomo wake. Nilikuwa sijaona mikono ya shemeji, ngozi ya vidole imetoka kwa sabuni za hotelini, na ndiyo anakamulia ndimu.

Aprili 30, Jumanne

Kliniki. Nilivaa shati nikasimama mlangoni. Shemeji akasema, "Wewe baki." Amekatwa mshahara wa siku kwa kuomba ruhusa.

Waliporudi niliuliza sukari imesoma ngapi. Akasema, "Nesi anayo," akaingia jikoni. Hakusema kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

Kaka ameanza sindano. Anajidunga mwenyewe, asubuhi na jioni. Nilichungulia leo. Anafumba macho, anahesabu mpaka tatu, imekwisha. Ile aliyoiogopa ni kazi ya kuhesabu mpaka tatu.

Mei 2

Mvua zinapungua. Nimemchongea karoti zile nyembamba, nikaziacha kwenye meza yake bila kusema. Jioni nimezikuta zilipokuwa.

Mei 4

Milango imechukuliwa yote kumi na miwili. Mteja amesema miwili ina mawimbi. Ni ile yangu.

Mei 7, Jumanne

Nesi ameagiza mguu wa kushoto, ule uliobaki na vidole, ukaguliwe kila jioni, juu, chini, na katikati ya vidole, kwa sababu nao una ganzi. Kaka mwenyewe hawezi kuinama. Shemeji ndiye anakagua, lakini leo alikuwa uani anafua, kaka akamaliza kuoga akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali akaniita. Hakuniita Kimya. Akasema, "Njoo uangalie huku."

Nikapiga magoti. Bado kulikuwa na mwanga wa jua mlangoni. Nikaushika mguu, ni mzito na wa baridi, nikaufuta na taulo. Juu sawa. Kisigino sawa. Nikafungua vidole kimoja kimoja. Katikati ya cha nne na cha mwisho, ngozi imelainika, ina mpasuko mdogo kama ukucha, na wekundu pembeni.

"Kuna nini?"

"Kuna mpasuko."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia, kaka. Upo."

Akapumua. Akatazama mlango wa uani, akashusha sauti. "Ni unyevu wa kuoga tu huo. Kausha, weka poda. Kesho asubuhi tutaona. Usimsumbue, amechoka, leo amesimama kutwa." Halafu akaongeza, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ile ya kunilea: "Mdogo wangu. Mpaka kesho tu."

Nilikuwa nimeushika mguu wake bado. Ni kaka yangu, amenilisha miaka kumi na tatu, na sijawahi kuinua sauti kwenye nyumba yake.

Nikaita, "Shemeji!"

Haikutoka vizuri mara ya kwanza. Nikaita tena, kwa nguvu, mpaka jirani akafungua dirisha kuona nani amekufa. Kaka alijaribu kuuvuta mguu. Sikuuachia. Shemeji akaja mbio, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti pembeni yangu bila kuuliza, nami nikavitenganisha vile vidole viwili aone.